Mlima wa Filamu na Twiga Wetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwenye chumba kile kile cha chakula nyuma ya banda la twiga, mahali ulipokuwa ukinikataza kukaa ukisema baridi itanipanda mgongoni. Goti lako linaendeleaje? Na macho je, yale matone uliyopewa yanasaidia, au bado taa moja unaiona mbili? Nisalimie mwanetu na mkewe, na yule mjukuu mtundu aliyekufichia miwani ndani ya sufuria. Siku uliponisimulia nilicheka mpaka shemeji yako akaacha kunyoa ndevu akaja kuuliza kumetokea nini.

Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno. Mengine utayasoma. Kurasa hizi za mwanzo mkwe wako anaweza kukusomea kama kawaida yenu. Lakini utaona kuna kurasa za mwisho nimezikunja peke yake, nikaziandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Hizo nakusihi usimpe mtu. Zisome mwenyewe, hata ikibidi uzisogeze mpaka puani, hata zikikuchukua asubuhi nzima.

Ningekupigia simu, dada. Nimejaribu mara tatu. Kila ukipokea unapokea kwa kicheko, na kabla sijavuta pumzi unaniuliza twiga wetu Chupa hajambo, nami nausikia mdomo wangu ukijibu hajambo. Nikaona bora kalamu, maana kalamu hainisikilizi ikicheka.

Wewe uliondoka hapa kabla ya mambo ya filamu, na mimi nimekuwa nikikupa habari vipande vipande. Acha leo nikupangie tangu mwanzo.

Unakumbuka ulivyotuacha. Wageni walikuwa wamepungua mpaka Jumapili ilifanana na Jumanne. Treni ya kiwavi ilikuwa inazunguka na abiria wawili, na wote wawili watoto wa mkata tiketi. Gurudumu kubwa la viti vya kobe lilikuwa limesimama miezi mitano kwa kukosa beringi. Paa la nyumba ya ndege lilivuja hadi kasuku wakajifunza kuiga sauti ya maji yakidondoka kwenye beseni. Shemeji yako naye alikuwa nyumbani mwaka wa pili tangu ile ngazi imwangushe, amekaa tu, anapaka rangi kiti kile kile, akimaliza anakikwangua, anakipaka tena.

Ndipo meneja akatuita wote kwenye bwalo la chakula. Huyu meneja wewe hukumkuta. Ni kijana mpole, anasalimia mpaka wafagiaji, na kusema kweli simchukii hata sasa. Akatueleza kwamba wenye ile filamu ya mfalme mtoto anayeishi ndani ya mlima wa moto wamekubali kujenga nchi nzima ya filamu yao humu ndani ya bustani yetu. Mlima wenyewe, ngome, daraja linalotikisika, na joka la mashine lenye urefu wa mabasi mawili. Akauliza tuna maoni gani, kwa sababu bodi ilitaka kujua kama nchi ya filamu inafaa kuwekwa kwenye bustani ambayo tangu izaliwe ni ya wanyama.

Dada, ungekuwepo ungecheka kwanza ndipo ulie. Mzee wa lango alisimama akauliza hilo joka linakula nini, na kinyesi chake atazoa nani. Meneja akajibu kwamba linakula umeme. Mzee akasema basi huyo si mnyama, huyo ni jokofu. Bwalo zima likaangua kicheko. Mama wa ndege yeye hakucheka. Alisema mtu akilipa kiingilio hapa anakuja kumwona kiumbe alivyoumbwa na Mungu, si kiumbe alivyootwa na mtu mmoja akiwa amelala, na kwamba watoto watampita tai wa kweli mbio mbio wakimkimbilia joka la plastiki. Fundi wa bembea akamrudi hapo hapo. Alisema bembea zetu tumeziita tumbili miaka ishirini na hakuna tumbili hata mmoja aliyewahi kuja ofisini kulalamika. Wengine wakampigia makofi, wengine wakamwambia akae chini na mnyororo wake wa kutu.

Meneja aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Halafu akasema neno moja lililonyamazisha watu. Alisema njia ya kwenda kwenye mlima ni moja tu, nayo inapita mbele ya twiga, kwa hiyo kila atakayekuja kwa ajili ya filamu atamwona Chupa kwanza. Na asipokuja mtu kwa ajili ya filamu, akasema, hakutakuwa na atakayemwona Chupa kabisa, maana bustani haina miaka miwili mbele yake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilijikuta nimenyoosha mkono nikasema kwamba mimi naona itafaa. Ndiyo, dada, mimi. Nilikuwa nawaza wanyama wetu wote wataenda wapi bustani ikifungwa. Na nilikuwa nawaza kile kiti.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ule mlima lazima ungurume. Ndivyo ulivyo kwenye filamu, na wenye filamu waliandika kwenye mkataba kwamba kila dakika ishirini, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, mlima utanguruma na kutoa moshi; bila mngurumo si mlima wao. Na uwanja pekee mkavu wa kuutosha ulikuwa ule wa pembeni mwa Chupa, ulipokuwa ukianika majani. Daktari wetu wa zamani, kabla hajastaafu, alikataa kutia sahihi mpaka yafanyike majaribio. Zikatundikwa spika kubwa juu ya nguzo, zikangurumishwa wiki tatu, siku ishirini na moja kamili, na kila siku mtunzaji wa twiga alitakiwa kujaza fomu.

Mtunzaji wa twiga ni mimi. Kazi hiyo uliniachia wewe.

Fomu yenyewe nikueleze ilivyokuwa. Ilitungwa kwa ajili ya chui na fisi, wale wanaozungukazunguka wakiudhika. Ilikuwa inaulizia miguu: mnyama anatembeatembea au amesimama? Ukiweka alama kwenye kusimama, chini yake unaandika kwa neno moja hali yake. Halafu kuna mistari mitatu mitupu ya maoni ya mtunzaji. Siku ishirini na moja, fomu ishirini na moja, zote zikasema amesimama, ametulia.

Bodi haikuridhika na hizo tu. Wakakuandikia wewe, kwa kuwa ndiwe uliyemlea kwa chupa ya maziwa tangu mama yake alipomkataa, na ndiwe uliyelala naye kwenye banda lile majuma sita, na kila mtu hapa anajua kwamba ukisema Chupa ana kiu, maji yanaletwa kabla hujamaliza sentensi. Ulijibu barua fupi. Ilisomwa bwaloni mbele ya watu wote. Uliandika kwamba huwezi kuja kwa ajili ya goti, lakini macho ya mdogo wako ni macho yako, na kama yeye amesema ametulia, basi wajenge. Watu walipiga makofi. Mama wa ndege alinijia akanishika mkono, akasema sasa moyo wake umepoa.

Wakajenga. Shemeji yako alikuwa wa kwanza kuajiriwa. Aliupaka mlima mzima kwa mkono wake, tangu jivu la chini mpaka ule wekundu wa mdomoni, na nakwambia ukiutazama kwa mbali unahisi joto. Alirudi nyumbani na rangi kwenye nyusi, anakula sahani mbili. Ndani ya mlima, kwenye ukuta wa foleni, aliwachora twiga wanane wakipita kwa mstari, akisema watoto wakumbuke wamekuja kwa nani. Watu wa filamu wakamwambia awafute. Katika filamu hakuna twiga. Akawafuta kwa brashi ile ile. Mmoja mdogo amebaki nyuma ya pipa la taka, amesema hakumwona, lakini namjua huyo mwanamume.

Na nikueleze ukweli, dada, watu wamekuja. Wamekuja kama mvua. Paa la ndege limetengenezwa, kobe wa gurudumu wanazunguka tena. Hata mimi niliiangalia hiyo filamu, nikalia pale mfalme mtoto anapomwita mama yake na anayemjibu ni mlima. Si filamu mbaya. Mlima ukinguruma watoto wanapiga kelele, wanashikana, halafu wanacheka, kwa sababu wanajua ni uongo na kwamba baba amesimama hapo nyuma na soda. Wanajua. Chupa ndiye hajui. Hakuna aliyemwambia.

Huu ni mwezi wa tano tangu mlima uwashwe. Chupa amekonda. Mifupa ya nyonga inahesabika ukiwa langoni. Analamba chuma cha mlango mpaka kimeng'aa kama kijiko, na ulimi umechubuka. Hajawahi kukunja miguu akalala chini tangu mwezi wa pili. Daktari mpya, mwanamke mwangalifu, si mtu wa haraka, amempima damu, ametazama meno, akaona yamelika, akasema miaka kumi na tisa kwa twiga aliyelelewa kwa chupa ni mingi. Ameandika ni uzee. Bodi imekubali. Ijumaa hii asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, watamlaza kwa sindano asiendelee kuteseka.

Hapo mkwe wako akome kusoma. Mwambie ahsante, mwambie mama mdogo anamshukuru kwa sauti yake, akupe karatasi zilizobaki akapike.

*

DADA,

Sasa uko peke yako na mimi.

Si uzee. Najua si uzee, na nimejua tangu siku ya kwanza ya zile spika.

Ulinifundisha jambo moja kuhusu twiga, na ulinifundisha kwa kunishika kidevu na kunielekeza uso juu. Ulisema usitazame miguu, twiga akiogopa hatembei, anaganda. Wala usingoje sauti, maana hana sauti ya kukulilia. Tazama shingo. Ukiona tonge linapanda kutoka chini mpaka mdomoni, kama panya anayepita ndani ya soksi ndefu, na taya likaanza kusaga, hapo moyo wake umetulia. Anacheua. Asipocheua ana hofu, hata kama amesimama kama picha ukutani.

Siku ya kwanza spika ziliponguruma, Chupa alinyanyua kichwa, masikio yakaja mbele, akaganda. Nilitazama shingo. Nilisimama chini yake tangu asubuhi mpaka jioni, na tonge halikupanda hata moja. Kwenye ile mistari mitatu niliandika: Hacheui. Amesimama kwa hofu.

Meneja aliniita ofisini. Akaniuliza kwa upole kucheua ni nini. Nikamweleza. Akasema bodi ni watu wa maofisini, hawatalielewa, wao watauliza tu ametembea au amesimama. Nikasema amesimama. Akasema basi mnyama aliyesimama kimya tumwiteje kwa neno moja. Akanisogezea fomu safi na kalamu, na hapo simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Hakunilazimisha, dada. Alitoka nje. Laiti angebaki amenikodolea macho, leo ningekuwa na wa kumlaumu. Nilibaki na ile kalamu. Dirishani nikamwona shemeji yako akivuka uwanja na mikebe miwili ya rangi za kuwaonyesha watu wa filamu, anachechemea, na anapiga mluzi. Miaka miwili sikuwa nimeusikia ule mluzi. Nikaandika: Ametulia.

Kesho yake ilikuwa rahisi kidogo. Siku ya tano sikuinua tena uso kutazama shingo. Niliangalia miguu kama fomu ilivyotaka, nikajaza, nikaenda kula. Alicheua alfajiri tu, kabla spika hazijawashwa, nami nikajiambia kwamba alfajiri inamtosha. Nilijiambia atazoea. Nilijiambia mengi.

Na wewe. Bodi walipokuandikia, ulinipigia simu kwanza. Hukuniuliza kama ametulia. Uliniuliza swali la kwetu wawili. Uliniuliza tonge linapanda? Nami nikasema linapanda, dada. Nikasema linapanda vizuri.

Watu wanasema wewe uliruhusu. Hapana. Ni mimi niliyeyachukua macho yako, nikayafumba, halafu nikaenda kuwaonyesha watu.

Sijaweza kuomba tangu hapo. Napiga magoti, nataja jina la Mungu, halafu nabaki hapo kama mtu aliyegonga mlango akasahau alichofuata. Mwanzoni nilikuwa namwomba ishara. Siku moja nikaona aibu, maana ishara alinipa, aliipitisha shingoni mwa mnyama wake mbele ya macho yangu siku ishirini na moja, mimi nikaiandika vingine.

Jumatatu nilikwenda. Nilimwambia meneja na daktari wakiwa pamoja. Niliwaambia tangu kucheua mpaka mluzi. Meneja akatoa faili, akazipanga zile fomu mezani safu tatu za saba saba, akaniuliza kwa sauti ile ile ya upole: amwamini mama aliyeandika hizi, au mama anayelia hapa leo? Akasema anaelewa, mtu akimpenda mnyama na mnyama anaondoka, atashika lolote. Akaniambia nikapumzike. Dada, mwandiko wangu ulinitazama kutoka pale mezani mara ishirini na moja, na kila mara ulisema mimi ni mwongo wa leo.

Ninayo ile fomu ya kwanza. Siku ile meneja aliporudi aliniambia niitupe, nikaikunja nikaitia kwenye kitabu changu cha sala, na tangu hapo kitabu kikianguka kinajifungua ukurasa huo huo. Niliwaonyesha. Meneja akasema karatasi hiyo ningeweza kuijaza jana.

Lakini daktari alinifuata mpaka mlangoni. Alisema kwa neno langu peke yake hawezi kuizuia sindano. Ila bodi ilijenga kwa neno lako. Mwenye neno akiliondoa, akasema mwenyewe kwamba alidanganywa, yeye ataweka kalamu chini na kudai mlima unyamazishwe siku kumi, atazame ile shingo kwa macho yake. Siku kumi tu. Tonge likipanda, haikuwa uzee.

Kwa hiyo nakuomba jambo gumu ambalo mdogo hajapata kumwomba mkubwa wake. Mpigie daktari simu. Namba yake nimeiandika nyuma ya ile fomu, na fomu imo ndani ya bahasha hii. Mwambie ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Usinisitiri, dada. Umenisitiri tangu nikiwa mtoto, nilipovunja kile kioo ukasema ni wewe. Safari hii ukinisitiri, Chupa anakufa. Sema mdogo wako ni mwongo, litaje hilo neno kama lilivyo, wasije wakakuelewa vingine.

Najua kitakachofuata. Mlima ukinyamaza, wenye filamu wanaweza kufunga virago, na wenzangu wote hapa watajua ni kwa mkono wa nani. Labda bustani itafungwa kweli. Labda siku kumi zitapita na tonge lisipande, kwa kuwa nimechelewa. Sina la kukuahidi. Mpaka leo sijui kama filamu na wanyama vinaweza kukaa ua mmoja; huenda mlima ungewekwa kule kwenye mabwawa vingekaa salama. Hatukuwahi kujua, kwa sababu mtu pekee aliyeulizwa alijibu uongo.

Shemeji yako nilimweleza Jumatatu hiyo hiyo. Hakunipigia kelele. Aliacha kula, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Siku mbili hatujasemeshana zaidi ya chumvi iko wapi.

Leo asubuhi nilifika mapema, mlima bado umezimwa. Nilichukua ile chupa yako ya zamani, ile ya plastiki yenye ufa, nikainyanyua juu. Dada, alinijua. Alishusha shingo yote ile mpaka kwangu, polepole, akaigusa kwa mdomo ingawa haina kitu. Nilimwomba radhi kwa sauti. Nikaona kitu kinasogea chini kule, karibu na kifua, tonge linaanza kupanda. Nikalihesabia moyoni, likafika katikati ya shingo. Saa tatu ikagonga. Mlima ukanguruma.

Kichwa kikaenda juu. Tonge likashuka.

Yuko hapa mbele yangu ninavyoandika. Hatembei. Amesimama. Fomu ingesema ametulia.

Dereva wa lori la majani ameshawasha gari, anapita mji wenu leo, amesema ataishusha barua mkononi mwako kabla jua halijazama. Leo ni Jumatano. Una jioni ya leo na kesho nzima.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mungu akulindie goti na macho, na hayo macho akurudishie wewe mwenyewe, mimi sistahili tena kuyaazima. Usiponijibu sitakulaumu. Kwa daktari tu, usinyamaze.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
mtunzaji wa twiga.

Nilitaka kuifunga nikakumbuka. Anwani iliyo juu ya bahasha utaona si mwandiko wangu. Nilikuwa nimeiacha bahasha tupu mezani asubuhi nikaenda kuvaa viatu. Niliporudi, shemeji yako alikuwa ameiinamia na brashi yake nyembamba, anaandika jina la mtaa wako kwa zile herufi zake za mabango, nyeusi, kubwa, ili dereva asipotee. Hakuniangalia. Aliupuliza wino ukauka, akanipa bahasha.